Uliza Anti Akujibu: Jua Limewaka, Twende Chemchemi

Haya wapendwa, mwezi huu barua karibu zote ni za maji. Baridi la Juni na Julai limeshatuachia, vumbi limetuchosha, mvua bado, na watu wa Mbeya, Iringa, Njombe mpaka Makambako wanatafuta pa kwenda Jumapili wakitoka ibadani, pa kukaa kivulini watoto walowanishe miguu. Mimi safari za chemchemi nazipenda kuliko hata bichi, na huku kwetu Mungu ametupendelea, unatembea kidogo tu mlimani unakutana na maji yanatoka ardhini yenyewe. Ila kuna jambo nataka tuelewane mapema maana limejirudia karibu kwenye kila jibu la leo: pale maji yanapotokea, lile jicho lenyewe, kuna watu wanakunywa. Kuogelea, spika, sabuni, nyama choma, vyote vina nafasi yake lakini ni kule chini, sio pale jichoni. Tuanze.

SWALI: Shikamoo anti. Nina watoto wawili, mkubwa miaka tisa mdogo minne, tunakaa Uyole. Wameona picha za wenzao wanaogelea kwenye chemchemi upande wa Tukuyu sasa nyumbani hakukaliki. Baba yao anasema tusubiri Desemba shule zikifunga, mimi naogopa mvua. Tuende lini, na hayo maji hayatawapa mafua? Na Kijungu watu wanaogelea? (Mama wa Uyole)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwenye tarehe niko upande wako, baba watoto anisamehe. Mvua zetu huku zinaanza Novemba hivi na Desemba zinakuwa zimeshika kweli kweli, njia za udongo zinateleza, vijito vinajaa ghafla na maji yanakuwa tope. Muda mzuri ni sasa, Septemba na Oktoba mpaka Novemba mwanzoni. Ila mkielekea Tukuyu bebeni masweta na makoti ya mvua hata kama Uyole mmeacha jua linawaka, Rungwe kule inanyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka na wingu linashuka muda wowote, ukishapita Isongole utaona mwenyewe hewa inavyobadilika.

Baridi ya maji ndo ya kuangalia zaidi kuliko mafua. Mafua ni virusi, hayatoki kwenye maji, lakini mtoto mdogo akipoa mwili kupita kiasi hiyo ni hatari peke yake. Na watu wengi wanadhani kwa kuwa jua ni kali basi maji nayo yatakuwa yamepata moto kidogo, hapana, maji ya chemchemi hayana habari na jua la siku hiyo. Mvua iliyonyesha huko juu Uporoto au Rungwe imezama kwenye majivu na mawe mepesi ya volkeno, imeshuka taratibu mpaka ikakutana na tabaka gumu lisilopitisha maji, ikatembea juu ya hilo tabaka hadi pale mlima unapokatika ndo ikatoka. Muda wote huo iko ardhini, kwaiyo inatoka na joto la ardhi, ambalo ni kama wastani wa joto la mahali pale kwa mwaka mzima, na kwa miinuko ya huku maana yake ni nyuzi kumi na kitu tu, iwe Julai iwe Oktoba. Ndo maana asubuhi ya Julai unaona chemchemi inafuka kama ina moto na mchana wa Oktoba ukiweka mguu unapiga kelele, maji ni yale yale, kilichobadilika ni hewa.

Sasa mtu akiruka kwenye maji ya hivyo mwili umechemka na jua, kifua kinabana na anavuta pumzi kwa nguvu bila kupenda, kama kichwa kiko chini ya maji anayameza. Hata anayejua kuogelea linampata. Kwaiyo marufuku kuruka. Waanze na miguu, walowanishe mikono mpaka kwenye kiwiko, wajipake usoni na shingoni, wakae hivyo kidogo mpaka pumzi itulie ndo waingie, na kwa huyo wa miaka minne maji yasipite magoti na wewe uwe umesimama ndani ya maji pembeni yake, sio umekaa kwenye mkeka unamwangalia kwa mbali. Midomo ikianza kuwa ya bluu au akianza kutetemeka mtoe hapo hapo, mvue nguo mbichi zote, mfute, sweta, chai ya moto yenye sukari. Wengi mnakosea hapo kwenye nguo mbichi, mnamvika sweta juu ya fulana iliyolowa.

Kijungu sio chemchemi mwanangu, ule ni mto Kiwira wenyewe unaoingia kwenye chungu cha mwamba na kupita chini ya jiwe, ukidondoka pale hakuna pa kutokea. Pa kuangalia na kupiga picha tu, mtoto umemshika mkono, sio hata umemwambia akae karibu, umemshika. Daraja la Mungu hivyo hivyo, zuri ajabu, lile daraja la mwamba liliachwa na volkeno hakuna mtu aliyelijenga, lakini maji ya pale chini ni ya mto sio ya kuchezea watoto. Pitieni mkatazame halafu muende kwenye maji madogo.

SWALI: Mambo anti, mimi ni mwanafunzi niko Iyunga. Tukienda chemchemi washkaji wanainama wanakunywa moja kwa moja wanasema maji ya chemchemi ni masafi kuliko hata ya dukani maana yamechujwa na ardhi. Mimi nilikunywa nikaharisha siku tatu wao wakanicheka wakasema tumbo langu la mjini. Nani yuko sahihi?

JIBU: Poa mwanangu, na pole. Wenzio wako nusu sahihi. Ardhi inachuja kweli, maji yaliyokaa chini muda mrefu na kupita kwenye mchanga na majivu mazito mara nyingi yanafika juu yakiwa masafi sana. Tatizo ni ile hatua ya mwisho. Pale yanapotoka ndo ng'ombe wanapokunywa, ndo watu wanachota kwa ndoo iliyotoka kuwekwa chini zizini, ndo mvua inaposomba vinyesi vya porini na vya binadamu. Maji yanaweza kusafiri chini ya mlima yakiwa salama yakachafukia kwenye mita ya mwisho, na macho hayawezi kuona, bakteria wa kuharisha wanaishi vizuri tu kwenye maji maangavu kama kioo.

Kuna kitu cha kuangalia ambacho wenyeji wanakijua: muulize anayechota pale kila siku, mvua ikinyesha haya maji yanabadilika rangi? Akisema yanakuwa ya tope siku hiyo hiyo, ujue yanatoka karibu na juu na hayajachujwa vya kutosha, hayo usiyaguse hata kama leo yanang'aa. Akisema masika na kiangazi ni yale yale, hiyo ni dalili nzuri, bado sio cheti. Na chemchemi iliyojengewa, yaani jicho limefunikwa kwa mawe na saruji, maji yanatokea kwenye bomba, kuna uzio na mfereji wa kukinga maji ya mvua kwa juu, hiyo ni salama zaidi kuliko dimbwi la wazi ambalo kila mtu anaingiza mkono.

Hata hivyo we chemsha. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari kwaiyo maji yanatokota kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, usiogope, bado yanaua vijidudu, yakishatokota vizuri yaache dakika tatu ndo uepue. Kama huwezi kuwasha moto beba vidonge vya kutibu maji, fuata maelezo ya kwenye pakiti na usubiri nusu saa, watu wanatumbukiza kidonge wanakunywa hapo hapo. Au kama mko kambini siku nzima, chupa ya plastiki angavu ile isiyo na rangi, isizidi lita mbili, jaza maji maangavu, ilaze juani kwa muda wa saa sita nzima, kukiwa na mawingu siku mbili. Inafanya kazi, imepimwa, mionzi ya jua inaua vijidudu. Na ukiharisha tena usikae unahesabu siku, anza maji ya ORS, yale ya unga wa chumvi na sukari wa pakiti, mapema, ukiona damu au homa nenda zahanati.

Washkaji waambie tumbo la mjini halihusiki.

SWALI: Kamwene anti. Sisi ni vijana wa kwaya huku Mafinga, tulipanga kwenda kwenye chemchemi moja bondeni, tukabeba spika, jiko la nyama, gari mbili. Tumefika wazee wametuzuia wakasema pale ni mahali pa matambiko na hawataki kelele wala moto, tukaambiwa turudi. Wenzangu wamekasirika wanasema sisi ni Wakristo hatuwezi kuzuiwa na mizimu, na maji ni ya Mungu sio ya wazee. Tunataka kurudi na barua ya mtendaji. Unatushauri nini?

JIBU: Kamwene sana vijana wangu. Nawashauri msirudi na barua, rudini na heshima. Nitasema kwa urefu hapa maana jambo hili linanigusa.

Ile sehemu mliyofukuzwa, jiulizeni kwa nini bado ina maji mwezi wa kumi. Zungukeni mabonde ya huko kwenu Mufindi na Iringa yote, mangapi yamelimwa vinyungu, yaani bustani za bondeni, mpaka kwenye mdomo wa maji, mangapi yamepandwa mikaratusi, mangapi yalikuwa na chemchemi bibi zenu wakichota na sasa ni majani makavu? Lakini pale ambapo wazee walisema hapakatwi mti, hapapitishwi ng'ombe, hapapigwi kelele, miti mikubwa ipo na maji yapo. Mnaweza msiamini wanachoamini, hilo ni la kwenu na Mungu wenu, lakini hawakuwazuia ili mteseke, wamelinda hayo maji kabla hamjazaliwa. Na wanaoyanywa wengi wao kesho Jumapili mnakaa nao benchi moja kanisani.

Halafu hata mkitoa mizimu kabisa kwenye mazungumzo, sheria ya serikali inasema karibu kile kile. Sheria ya Mazingira ya 2004 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 zote zimeweka mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji kuwa eneo la kutofanyia shughuli za kibinadamu zinazoweza kuathiri hicho chanzo. Mita 60 sio mbali, ni kama zaidi kidogo ya nusu ya kiwanja cha mpira kwa urefu. Kwaiyo mkienda na barua kwa mtendaji na yeye akiwa anaijua kazi yake atawaambia jambo lile lile waliowaambia wazee. Gari mbili zimepaki kwenye majani mabichi juu ya jicho la maji, oili inadondoka, mafuta ya nyama, watu thelathini wa kwaya na hakuna choo, jamani.

Na hayo maji hayaishii hapo. Mabonde mengi ya huko yanashuka mpaka Ruaha Mdogo unaopita Iringa mjini na kwenda kuungana na Ruaha Mkuu, halafu Mtera, halafu Kidatu, ndo umeme huo, mitambo ya megawati 80 pale Mtera na 204 Kidatu. Ruaha Mkuu wenyewe tangu 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko wanabaki kwenye vidimbwi vya tope, kwa sababu maji yanachukuliwa na mashamba kule Usangu kabla hayajafika. Mto mkubwa hivyo unakauka! Kwaiyo kila chemchemi ndogo ya bondeni ina hesabu yake.

Sasa cha kufanya. Chagueni wawili watatu kati yenu, wenye adabu, nendeni siku ya kawaida sio ya pikiniki, muone mwenyekiti wa kitongoji kwanza na yeye awapeleke kwa wazee. Msiende mikono mitupu, sukari na majani ya chai yanatosha. Ombeni msamaha wa kuingia bila hodi, kisha waulizeni wao wenyewe wapi chini ya pale panafaa kukaa. Nawahakikishia kuna sehemu watawaonyesha, wazee wa Kihehe ukiwafuata kwa heshima ni wakarimu sana. Spika acheni nyumbani, nyie ni kwaya, mna sauti. Na moto huko mtakapoonyeshwa uwashwe kwenye jiko la kubeba, sio kwenye majani ya kiangazi, Oktoba moto wa nyika unapanda mlima haraka kuliko mtu anavyokimbia, mkimaliza mwagieni maji makaa mpaka muweze kuyashika kwa mkono.

SWALI: Habari za huko mwanangu. Mimi ni mzee niko Busokelo. Wajukuu wanakuja kutoka Dar na wazazi wao, wanataka niwapeleke kwenye maji yanayobubujika. Huku kwetu kuna sehemu maji yanatoa mapovu kama yanachemka na ni ya baridi, na kuna vishimo jirani ambavyo tunakuta ndege na panya wamekufa bila jeraha. Sisi tulikatazwa tangu utoto tusiende asubuhi mapema. Mkwe wangu anacheka anasema ni imani za kizamani. Nisemeje?

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na ndaga fijo kwa barua hii, ingefaa isomwe na kila anayepeleka watoto matembezi upande huo. Waliokukataza walikuwa wanajua walichokiona, na mkwe asicheke.

Chini ya Rungwe na Kyejo volkeno haijafa, imelala tu. Kyejo imemwaga lava mara ya mwisho karibu mwaka 1800, juzi tu kwa hesabu za milima. Huko chini bado kunatoka gesi ya kaboni dayoksaidi, ile ile inayotiwa kwenye soda, na ni nyingi mpaka kampuni ya TOL Gases inaivuna huko huko Busokelo na kuiuza viwandani. Ikipitia kwenye maji inatoa mapovu, ndo hayo mnayoona, maji yanacheza lakini ukigusa ni baridi. Ikitokea pakavu huoni kitu chochote, haina rangi, haina harufu.

Hatari yake ni uzito. Gesi hiyo ni nzito kama mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, kwaiyo haipandi juu, inatulia kwenye shimo na kwenye kibonde kama maji kwenye beseni. Usiku na alfajiri upepo hakuna, inajaa, jua likipanda na upepo ukaanza inatawanyika. Ndo sababu mlikatazwa asubuhi mapema! Ndege anatua shimoni kunywa maji, hapati hewa, anakufa bila jeraha. Mtu mzima aliyesimama anaweza asisikie kitu kwa sababu pua yake iko juu ya hiyo gesi, mtoto wa miaka mitatu pembeni yake amezama ndani yake, na yule mtu mzima akiinama kufunga kamba za viatu na yeye anazama. Ikiwa nzito sana pumzi chache tu mtu anaanguka. Ni gesi hii hii iliyotoka Ziwa Nyos kule Kameruni Agosti 1986 ikaua watu zaidi ya 1,700. Huku kwetu kwenye chemchemi sio kitu cha ukubwa huo, lakini kishimo kimoja kinatosha kwa mtoto mmoja.

Kwaiyo wapeleke mzee wangu, wafurahi, ni kitu wasichowahi kuona Dar, ila uwapeleke wewe na sio mkwe. Nendeni mchana kukiwa na upepo. Watoto wote wawe wameshikwa mikono au wamebebwa mabegani, hakuna kukaa chini wala kulala kwenye majani karibu na pale, na mikeka itandikwe mbali na kwa juu, upande upepo unakotokea. Palipo na wadudu au ndege waliokufa, au majani yamekauka kwenye duara katikati ya ukijani, hapo hapasogelewi. Mtu akijisikia kizunguzungu, kichwa kinauma au anahema haraka, wote mpande juu mara moja. Na hili wasisitizie vijana: mtu akianguka shimoni asiingie mwingine kumfuata, huyo wa pili naye ataanguka juu yake. Mvute kwa kamba au mti mrefu ukiwa juu, umezuia pumzi, mpelekeni penye upepo.

Maji yenyewe ya mapovu yana chumvi chumvi na ladha ya chuma, waonje kwenye ncha ya ulimi kama ni lazima, sio ya kujaza chupa.

SWALI: Anti tunatoka Njombe mjini na rafiki zangu, tubebe nini cha kula na tunywaji twetu tutapoozaje bila friji?

JIBU: Friji mnaikuta huko huko! Chukua mfuko wa wavu ule wa vitunguu, tia chupa zenu za plastiki, soda, maji, togwa, funga mdomo kwa kamba na kamba uifunge kwenye mzizi, zamisha mkondoni chini ya pale watu wanapochota, wekea jiwe juu mfuko usicheze. Mkimaliza kuzunguka mnakuta chupa zimeshika baridi mpaka vidole vinauma kuzishika. Chupa za kioo hapana, zinagonga jiwe na mnaacha vigae kwenye maji ambayo watoto wanakanyaga bila viatu.

Chakula cha kiangazi huku hakina shida: viazi mviringo vya kuchemsha na maganda yake, mahindi ya kuchoma mkiyakuta njiani, ndizi za kuchoma kama mnapita upande wa Rungwe, na parachichi, jamani parachichi la Njombe na viazi vya moto na chumvi kidogo, mimi sihitaji nyama. Chapati zinashinda vizuri. Wali wa nazi acheni, juani unachacha haraka. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, najua mtauliza, huo unanywewa baada ya maji sio kabla, na dereva hapana. Maganda na mifuko yote mnarudi nayo.

SWALI: Anti kwenye chemchemi kuna kichocho? Mimi niko Kyela.

JIBU: Kichocho kinahitaji konokono wa maji, na konokono hao wanapenda maji ya vuguvugu yaliyotulia yenye majani. Kwenye jicho la chemchemi ya mlimani, maji baridi yanayokwenda kasi, hatari ni ndogo sana. Lakini maji hayo hayo yakishuka huko kwenu tambarare yakawa madimbwi na mifereji ya mpunga, mambo ni mengine, na ziwani pia kwenye kingo zenye majani. Ukishaoga maeneo hayo jifute kwa taulo haraka usiache ukaukie juani, ukiona mkojo una damu nenda ukapimwe, dawa ya prazikwanteli ipo na inatibu. Ruba utawakuta sehemu zenye majani, wanaudhi tu, mtoe kwa ukucha usimwekee moto.

SWALI: Shikamoo anti. Sisi vijana wa kijiji kimoja Rungwe tuna chemchemi nzuri sana, watu wa mjini wameanza kuja wenyewe wikiendi, wanaacha taka na pampasi na mama zetu wanalalamika. Tumefikiria tuweke kiingilio, tujenge vibanda na sehemu ya kuogelea, tupate ajira. Tuanzie wapi tusije tukaharibu?

JIBU: Marahaba wanangu. Swali hili limenifurahisha kuliko yote kwa sababu mmeanza na mama zenu.

Anzieni kwenye mkutano wa kijiji, sio kwenye saruji. Jueni nani anachota pale, wa kitongoji gani, saa ngapi, na kama kuna bomba la mradi linaanzia hapo basi jumuiya ya watumia maji lazima iwepo mezani. Kijiji kikikubali, andikeni kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa, ofisi zao ziko hapo hapo Tukuyu hamna haja ya kupanda basi kwenda mbali, waje wawawekee mipaka ya ile mita 60 na wawaambie mnaweza kuchukua maji kiasi gani na kwa kibali gani. Hiyo mipaka ikishawekwa ndo mnaanza kuchora vibanda, vyote nje yake. Mkianza na vibanda kwanza mtavibomoa na hela yenu.

Jicho lenyewe lifungeni kwa uzio wa miti hai, liwe na njia moja ya mawe ya kwenda kuangalia na bomba moja la wachotaji, basi. Sehemu ya kuogelea ichimbwe chini, mbali na hapo, maji yaingie upande mmoja na kutoka upande wa pili muda wote yasikae, na isiwe ya kina kirefu, kifuani kwa mtu mzima inatosha, na msimruhusu mtu kuruka kichwa. Vyoo vijengwe mbali zaidi ya vyote na chini kwa mteremko, kamwe sio juu ya chemchemi hata kama juu ndo kuna nafasi na barabara, maana udongo wenu wa volkeno unapitisha maji haraka na kilichoko chooni kitashuka nayo. Sabuni na shampuu zikusanywe getini. Pampasi zirudi mjini na waliokuja nazo, mpeni kila mgeni mfuko wakati analipa na mkague akitoka.

Mikaratusi kama ipo karibu na maji ombeni kijiji iondolewe taratibu, inakunywa sana, mpande mikuyu na mivengi badala yake, ikiwezekana miche iingie ardhini Novemba hii hii mvua zikianza ili ishike kabla ya kiangazi kijacho. Kivuli ndo kitakachowaletea wageni kuliko vibanda.

Kiingilio wekeni kidogo na kiwe na risiti, sehemu yake iende kwenye mfuko wa maji wa kijiji na hesabu zibandikwe ukutani ofisini kila mwezi, vijana wengi wanagombana hapo. Wachotaji wa kijiji wasilipe hata senti wala wasisubiri foleni ya wageni. Na Jumamosi na Jumapili asubuhi, mpaka kama saa nne, fungeni geti kabisa mama zenu wachote kwanza. Mkifika hatua ya kuandika barua ya bodi niandikieni tena, nitawasaidia kuipanga.